Berta ametua Arsenal: ataweza kumkatalia Arteta, au kazi yake ni kutia saini tu?

Mtutu Mkongwe (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Leo Jumapili, tarehe 30 Machi 2025, klabu imetangaza rasmi kwamba Andrea Berta ndiye mkurugenzi wetu mpya wa michezo. Kiti kilikuwa wazi tangu Edu abwage manyanga Novemba mwaka jana. Naona humu kila mtu anabandika picha za Oblak, Griezmann na Suárez, nyota wa enzi zake Atlético Madrid, kana kwamba Berta anakuja nao kwenye begi.

Wasifu wake sina ugomvi nao. Mtu aliyetoka kazi ya benki, akaingia kwenye soka kupitia Carpenedolo, timu ya madaraja ya chini kule Italia, akapita Parma na Genoa, kisha akadumu Atlético Madrid kuanzia 2013 hadi Januari mwaka huu, huyo si wa kubahatisha. Langu liko kwingine.

Arteta alikuja Desemba 2019 kama kocha mkuu. Septemba 2020 akapandishwa kuwa meneja, maana yake akapewa sauti kwenye usajili. Septemba iliyopita akaongeza mkataba hadi 2027. Berta anaingia kwenye nyumba ambayo mwenye funguo anajulikana.

Sasa tazameni kiangazi kilichopita. Nketiah kauzwa Crystal Palace, Smith Rowe kaenda Fulham. Tukamleta Calafiori, beki. Tukamleta Merino, kiungo. Dirisha linafungwa tukaokota Sterling kwa mkopo kutoka Chelsea. Namba tisa, yaani straika, hakuna. Januari mshambuliaji wetu Jesus kaumia goti kwenye Kombe la FA dhidi ya Man United, msimu wake ukaishia pale, na dirisha bado liko wazi. Tukagonga mlango wa Aston Villa siku za mwisho kumtaka straika wao Watkins, wakatufukuza, tukafunga dirisha bila kusajili hata mtu wa kubeba chupa za maji. Siku chache baadaye Havertz, mshambuliaji aliyebaki, kachanika msuli wa nyuma ya paja kambini Dubai. Yaliyofuata mnayajua: West Ham wakatupiga 1-0 palepale Emirates, halafu 0-0 kwa Nottingham Forest. Liverpool wakatuacha.

Swali: kwenye vikao vya Agosti kulikuwa na mtu wa kumwambia, "Mikel, mabeki wanatosha, kwanza tutafute straika"? Na Berta ndiye mtu huyo? Msinijibu kwa orodha ya majina aliyosajili.

---

Winga Teleza

Mzee, samahani, jina moja lazima nilitaje. 2020 Barcelona walimwona Luis Suárez amezeeka. Atlético wakamchukua karibu bure, hela yenyewe ni nyongeza za hadi euro milioni 6. Akatupia mabao 21 kwenye ligi, na siku ya mwisho kule Valladolid bao lake ndilo lililoleta ubingwa. Sisi tuna njaa ya ubingwa tangu 2004, halafu unauliza habari za vikao?

Na huyo Simeone unayemsahau, kocha wa Atlético, yuko pale tangu Desemba 2011. Si kocha wa kuambiwa kaa chini. Kama Berta alidumu naye muda wote ule, Arteta hamshindi.

---

Kipa Mstaafu

Teleza, kudumu na mtu kunaweza kumaanisha unamwogopa. Hata mpishi hudumu na bosi mkali kwa kupika anachotaka.

Tuweke hesabu sawa. Oblak na Griezmann walikuja 2014. Wakati huo mkurugenzi wa michezo wa Atlético alikuwa Caminero, na Berta alikuwa mkurugenzi wa ufundi chini yake. Mkono wake upo, ndiyo, ila si wa kwake peke yake. Kiti kikubwa alikikalia 2017. Ukianzia hapo unapata Rodri mwaka 2018, usajili wa akili sana, lakini mwaka mmoja tu Man City wakalipa kifungu cha kuvunja mkataba cha euro milioni 70 wakaondoka naye. Unapata Lemar kwa hela nyingi. Na unapata João Félix, 2019, euro milioni 126 kwenda Benfica, siku chache kabla ya Griezmann kwenda Barcelona kwa milioni 120. Yaani hela ya Griezmann ilipita mlangoni ikatokea dirishani.

Kwa macho yangu Simeone hakuwahi kujua amtumie Félix vipi. Kijana alitaka mpira mguuni, kocha alitaka akimbie nyuma ya beki wa pembeni. Kwa hiyo Mkongwe, mkurugenzi anayemnunulia kocha mchezaji ambaye kocha hana kazi naye, huyo umeshampata.

---

Mtutu Mkongwe

Kipa, umepiga pale pale, ila naona unachanganya vitu viwili. Kununua mchezaji juu ya kichwa cha kocha ni balaa, na sitaki Félix wa pili. Ninachotaka ni kukataa. Kocha yeyote, hata angekuwa Wenger, akipewa hela atanunua anachokipenda kabla ya anachokihitaji. Arteta anapenda wachezaji wanaoweza kucheza nafasi tatu. Calafiori ni mzuri, namkubali sana, lakini angalia upande wa kushoto: Zinchenko yupo, Timber anaweza, Kiwior anaweza, na sasa Lewis-Skelly kawapita wote akitokea akademi. Nafasi moja, watu watano. Kule mbele watu wawili, wote wako hospitali. Hapo ndipo mkurugenzi anapostahili mshahara wake.

---

Beki Tatu

Naongezea, maana mnazungumzia kununua tu. Kazi iliyomshinda Edu ilikuwa kuuza. Özil na Aubameyang tuliachana nao bila kupata hela ya maana. Willian tulimpa mkataba wa miaka mitatu mwaka 2020, akafunga bao moja la ligi, mwaka uliofuata tukauvunja. Kwa Ødegaard, Gabriel na Rice namvulia Edu kofia, lakini mlango wa kutokea ulikuwa haufungwi.

Na kuna hili ambalo sioni mtu akiligusa: Saka mkataba unaisha 2027. Saliba 2027. Gabriel 2027. Arteta mwenyewe 2027. Partey na Jorginho ndio kabisa, Juni hii wako huru. Berta akikaa mezani na wakala wa Saliba, wakala atauliza, "Kocha ataendelea kuwepo?" Atajibu nini? Mimi straika ningemtafuta, lakini ningeanza na hizo sahihi, tena kabla ya kiangazi kwisha. Mchezaji akibakiza mwaka mmoja, Real Madrid wanaanza kumpigia simu.

Kuhusu kumkatalia kocha, kumbukeni sakata la Griezmann la 2022. Alikuwa Atlético kwa mkopo kutoka Barcelona, na kulikuwa na kifungu: akicheza dakika za kutosha, Atlético wanalazimika kulipa euro milioni 40. Mwanzo wa msimu ule akawa anaingia mechi baada ya mechi ikishapita dakika ya 60. Mchezaji bora wa timu, mzima wa afya, anapasha misuli pembeni anasubiri saa! Oktoba Barcelona wakachoka, wakakubali karibu nusu ya bei.

---

Mtutu Mkongwe

Beki Tatu, ubarikiwe. Hilo la Griezmann ndilo nililokuwa nalitafuta tangu nianzishe mada. Simeone, na ukali wake wote, alikubali kumuweka benchi nyota wake kwa sababu ofisi imesema hivyo. Sijui nani alimshawishi na kwa maneno gani, lakini meza ya Berta ilikuwa hapohapo. Hebu mfikirie Arteta akiambiwa Saka aingie dakika ya 63 kwa sababu za kihasibu. Angevunja ubao.

Hapo nimepata moyo kidogo. Kidogo.

---

Winga Teleza

Na Jason Ayto je? Ndiye alikuwa anakaimu tangu Edu aondoke. Nyumbani anapajua, angepewa tu.

---

Kipa Mstaafu

Aliyekaimu Januari ndiye wa kuulizwa ya Januari. Ingawa kaimu naye utamlaumu kiasi gani? Huwezi kumgomea Arteta wakati kiti chenyewe umeazimwa.

---

Mtutu Mkongwe

Nakazia kwa Kipa. Mimi kipimo changu ni kimoja: timu ikianza maandalizi ya msimu Julai, straika awe ameshavaa jezi. Gyökeres, Šeško, yeyote wanayemwona anafaa, mradi asije Agosti 31 akiwa na pensheni ya Chelsea. Na akisajiliwa beki wa kushoto kabla ya straika, nitarudi kwenye uzi huu.

---

Beki Tatu

Sawa mzee. Kesho kutwa Fulham, Saka huenda akarudi. Namba tisa ni nani?

---

Mtutu Mkongwe

Merino. Kiungo.