MJADALA: Kompyuta za shule zetu Tanga zipigwe Linux? Sawa, ila nani ataziapgredi?

Wakuu, heshima kwenu. Huku kwetu hii ishu imeshika kasi tangu Windows 10 ifikie mwisho wa matengenezo tarehe 14 Oktoba 2025, kila kamati ya shule na kila ofisi ndogo yenye kompyuta za zamani inaulizana tufanyeje, maana Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha 8, na desktopu ninazozijua mimi kwenye maabara za shule kuanzia Chumbageni mpaka Pongwe ni kizazi cha 3, cha 4, zingine Core 2 Duo kabisa. Wapo wanaosema pigeni Linux zote (mfumo wa kuendeshea kompyuta, kama ilivyo Windows), ni bure, mambo yaishe. Wapo wanaosema Linux ni ya waprogramu, iacheni Windows 10 iendelee hivyohivyo na aktiveta yake (programu ya kukwepa kulipia leseni) mpaka mashine zife zenyewe. Mimi niko upande wa Linux, nasema mapema ijulikane, ila naona pande zote mbili tunagombania siku ya kuinstoli wakati shida haiko hapo.

Kuinstoli siku hizi ni kazi ndogo sana. Unashusha faili la ISO lenye mfumo mzima, unaliweka kwenye flashi kwa Rufus au Ventoy (programu za kuandaa flashi ya kuinstolia), unawasha mashine unabonyeza F12 au F9 kutegemea na kampuni, unaijaribu kwanza bila kugusa diski ya mashine uone sauti, waifai na printa vinakubali, ukiridhika unabonyeza instoli na kabla ya adhuhuri umemaliza mashine kadhaa. Fundi yeyote wa Ngamiani anayepiga Windows anaweza kujifunza hilo.

Shida inaanza miezi kumi baadaye. Kuna shule moja, siitaji, ililetewa kompyuta za msaada zikiwa na Ubuntu 23.10, aina mojawapo ya Linux. Walioziandaa walichukua toleo jipya kuliko yote lililokuwepo siku ile, wakadhani jipya ndo bora. Sasa Ubuntu ina matoleo ya aina mbili: yale ya LTS yanayotoka kila baada ya miaka miwili na kutunzwa miaka mitano, na yale ya katikati yanayotunzwa miezi 9 tu. 23.10 ilitoka Oktoba 2023, Julai 2024 ikafungwa. Mwalimu akifungua teminali akaandika `sudo apt update` (amri ya kusasisha orodha ya programu) anapata mistari ya Err na 404 kuanzia juu mpaka chini, akitaka kuweka programu ya jiografia haipatikani, akaambiwa Linux yenyewe imekufa, zipigwe Windows. Haijafa! Toleo likishafungwa mafaili yake yanahamishiwa old-releases.ubuntu.com, unabadilisha anwani kwenye orodha ya vyanzo, unasasisha, halafu unapanda kwenda 24.04 ambayo ni LTS. Ni kazi ya asubuhi moja kwa mtu anayejua. Ila mtu huyo hayupo shuleni, na mafundi walioleta zile mashine ilikuwa waja leo waondoka leo kama tunavyosema Tanga, hata namba ya simu hawakuacha.

Na hapa ndo nataka tubishane vizuri. Kuapgredi mfumo wa aina hii kuna sheria zake na hazina huruma. Ubuntu hauruki LTS, ukiwa na 20.04 lazima upite 22.04 kwanza ndo ufike 24.04. Debian, aina nyingine ya Linux, vilevile, 11 kwenda 12 kwenda 13, hatua kwa hatua. Na ukizembea miaka mingi unakuta ngazi za chini zimeshahamishwa, bora uinstoli upya. Halafu kuna mashine za biti 32, Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haina tena instola yake, hizo mwisho wao ni Debian 12 ambayo matengenezo yake ya ziada yanaishia Juni 2028. Core 2 Duo isiwatishe, hizo ni biti 64, ukiziongezea RAM mpaka giga 4 Linux Mint (Linux nyingine) yenye mwonekano mwepesi wa XFCE inakimbia vizuri tu.

Umeme nao. Desktopu haina betri, na umeme ukikatika katikati ya kuapgredi pakeji (vifurushi vya programu) zingine zinakuwa zimewekwa nusu, ukiwasha pengine inakuletea skrini nyeusi yenye maandishi tu na watu wanapiga kelele mashine imekufa. Mara nyingi dawa ni mistari miwili, `sudo dpkg --configure -a` halafu `sudo apt --fix-broken install`, inamalizia ilipoishia. Lakini ni mwalimu gani kaambiwa hivyo? Kwa Mint kuna Timeshift, unapiga picha ya mfumo kabla hujaanza, ikiharibika unarudi jana yake. Maabara nzima isiapgrediwe siku moja, anza na mashine moja, iache wiki nzima watoto waitumie, ndo uende kwenye zingine.

Sasa bando, na hii ndo hoja ya wapinzani ninayoiheshimu kuliko zote. Kupanda toleo kunaweza kula giga moja na zaidi kwa kila mashine, sasa maabara ya mashine 20 kwa intaneti ya simu nani analipa? Jibu lipo na halina gharama: mashine moja kati ya hizohizo unaifanya stoo, unaweka `apt-cacher-ng`, zingine zote unazielekeza kwake kwenye poti 3142, pakeji inashuka mara moja tu kutoka nje, zingine 19 zinaichukua hapohapo kwa waya. Tahadhari moja, kwenye Ubuntu Firefox inakuja kama snap (pakeji za namna nyingine zenye njia yake ya kushuka) na snap hazipiti kwenye hiyo stoo, kila mashine itashusha yake. Ndo maana kwa shule zetu mimi nasema Mint au Debian, zenyewe Firefox inapitia njia ya kawaida ya apt. Mint 22 inatunzwa mpaka 2029.

Mnaosema watoto watakwenda kukuta Windows kazini, kweli watakuta. Lakini mtoto aliyejua kupanga hesabu kwenye LibreOffice Calc hapotei kwenye Excel, na kuangalia matokeo ya NECTA au kuomba kontroli namba vyote viko kwenye brauza. Na msiseme mambo haya ni ya wazungu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishatoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili tangu 2004.

Mhasibu mwenye Tally au QuickBooks yake, huyo muacheni na Windows, yenye leseni, mashine moja. Sioni sababu ya kumlazimisha. Ila hili la kusema Windows 10 iendelee tu na aktiveta, hapana jamani. Hata ule mwaka wa nyongeza wa masasisho ya usalama wa Microsoft kwa watu binafsi unaishia Oktoba 2026, na aktiveta yenyewe umeitoa kwa nani? Ingia steshenari yoyote ya mjini kuchapisha barua, rudi nyumbani uchomeke flashi, mafolda yote yamegeuka shotikati. Kile kirusi kwenye Linux hakiwaki, unafungua flashi unakuta mafolda yako yapo yamefichwa tu, unachukua kazi yako unaendelea.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa kamati za shule na wafadhili wetu ni hili, hakuna kupokea kompyuta wala kumlipa fundi wa kuinstoli bila karatasi inayosema toleo gani limewekwa, linakwisha mwaka gani, nani atapanda toleo lijalo, na walimu wawili wa shule hiyohiyo wafundishwe kwa mikono yao, sio mmoja, maana mmoja akihamishiwa Lushoto tumerudi tulipokuwa. Na malipo ya fundi yakatwe mawili, nusu siku ya kuinstoli, nusu baada ya kuapgredi ya kwanza.

Najua mafundi wenzangu hii nusu ya pili haitawapendeza, basi mseme. Nyie mnaoshika maabara za Muheza, Pangani, Korogwe, shule ingewalipa kwa mwezi kidogokidogo mngekubali kuzishika shule tatu nne kwa pamoja, na kwa bei gani?