Mwenye kundi la Telegram ndiye muuza vifaranga, na malalamiko kuhusu vifaranga wake yanafutwa. Tufanyeje?

mamakuku_kibaha
Habari zenu wafugaji wenzangu. Nina hasira, mtanivumilia.

Nipo kwenye kundi kubwa la Telegram la wafugaji wa kuku. Kusema haki limenifundisha mengi: kuandaa bruda (sehemu yenye joto ya kulelea vifaranga), kupanga chanjo za kideri na gumboro, kuchanganya chakula pumba zikipanda bei. Mwenye kundi anauza vifaranga wa kuroila. Hilo sina neno nalo, kila mtu ale kwa jasho lake. Neno langu ni kinachotokea kifaranga wake akiugua.

Mwezi wa nne nilichukua kwake vifaranga 300, nikahakikishiwa wamechanjwa mahepe (Marek, ugonjwa wa virusi unaopoozesha kuku) siku ya kwanza. Walipofika wiki ya tisa wakaanza kuanguka. Kuku analala ubavu, mguu mmoja kaunyoosha mbele, mwingine nyuma, macho maangavu kabisa na chakula bado anakitaka. Kila asubuhi naokota mizoga. Nikaweka picha kundini na kuuliza: kuna mwingine aliyechukua vifaranga wa mwezi wa nne na kaona dalili hizi? Sikumtaja mtu, sikutukana. Ujumbe ukafutwa. Nilipouliza kwa nini, nikazuiwa kuandika. Faraghani mwenye kundi akanijibu kwamba "naharibu biashara za watu".

Siku hiyohiyo kijana mmoja aliandika kuwa vifaranga wa muuzaji mwingine ni takataka, akaweka jina na namba ya simu ya huyo muuzaji. Ujumbe huo upo mpaka leo, na mwenye kundi kauwekea dole gumba.

Mimi kunyamazishwa naweza kuvumilia. Lakini mahepe haina dawa, na chanjo yake hutolewa kifaranga anapototolewa tu. Akishafika bandani kwako umechelewa. Mnunuzi atajuaje kama walichanjwa kweli, kama si kwa kuulizana na wanunuzi wenzake? Na pa kuulizana ndipo hapo tulipozibwa mdomo, huku watu wanaendelea kulipia oda.

jembe_la_moro
Pole sana mama. Hayo nimeyaona kwenye kundi la pembejeo huku Morogoro. Mbegu ya duka la admini haikosolewi, ya jirani inachambuliwa mpaka mfuko wake. Nilijitoa.

msimamizi_arusha
Shikamoo mama. Naongoza kundi la wafugaji la WhatsApp, acha niseme na upande wa pili. Wapo washindani wanaotumana kuja kuchafua. Picha ya kuku aliyekufa mwaka juzi inaletwa leo kama mpya. Tena Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inagusa taarifa za uongo, ndiyo maana maadmini wengi wanafuta kwanza na kufikiri baadaye.

Hata hivyo, ulichofanyiwa hakina utetezi. Kama hofu ni uongo, angekuomba risiti na tarehe ya kupokea. Kwetu anayeuza kitu haruhusiwi kugusa mjadala wa bidhaa yake, anaamua msimamizi mwingine, na kila msimamizi anayeuza kaandikwa kwenye maelezo ya kundi. Walinuna mwanzoni.

Halafu chombo chenyewe kina mchango wake. WhatsApp admini akifuta ujumbe wa mtu, linabaki tangazo kwamba ameufuta, kila mtu analiona. Telegram ujumbe unapotea bila alama, na orodha ya matendo ya wasimamizi wanaiona wao peke yao, tena ya saa 48 tu. Ndiyo maana wenzako mle ndani wanaamini hakuna anayelalamika.

daktari_wa_mabanda
Mama, miguu hiyo inafanana sana na mahepe, ila usimhukumu mtu kwa picha. Hata kuku aliyechanjwa anaweza kuugua, hasa akiwekwa mapema kwenye banda lenye vumbi la manyoya ya kuku wakubwa. Mpeleke kuku mgonjwa akiwa hai, au aliyekufa muda si mrefu, kwenye maabara ya TVLA (Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania), ya Temeke haiko mbali na Kibaha. Mwambie na afisa mifugo wa kata. Ukiwa na majibu kwenye karatasi, hakuna wa kukuambia unaharibu biashara.

mamakuku_kibaha
Marahaba mwanangu wa Arusha, na asante daktari. Banda langu lilikaa tupu tangu kabla ya Krismasi, nikalipiga dawa na kubadili maranda yote, kuku wakubwa sina. Kesho nawapeleka wawili Temeke.

Kuhusu uongo, nakubali upo. Basi aweke kanuni inayowabana wote, na huyo kijana aliyemwaga namba ya mtu afutiwe pia. Na kwenye maelezo ya kundi aandike wazi kwamba kundi ni la muuza vifaranga, ili anayeingia ajue yuko kwa nani.

Waliochukua kuroila mwezi wa nne, ukanda wa Pwani na Dar, naomba muandike hapa: mlipokea tarehe ngapi, na walianza kuanguka wiki ya ngapi. Hata kama wenu wako wazima, semeni, nahitaji kujua pia.