Naomba ushauri: mtoto hataki kitabu kingine

Habari zenu ndugu zangu. Nina binti wa miaka 3. Namsomea kila usiku kabla ya kulala, ila anataka kitabu kilekile tu, cha sungura aliyepotea. Nikiruka hata sentensi moja ananidaka: "Hapana, hujasema!" Nikileta kipya, anakifunga ukurasa wa kwanza haujaisha, anakwenda kuvuta kile chake, jalada lenyewe limeshabanduka. Nimemwachia achague mwenyewe, nimejaribu kuanza na kipya halafu chake, wapi! Baba yake anasema tumwache, atachoka. (Sungura huyo mimi nimeshamchoka.)

Je, kurudia hivi kunamsaidia kujifunza maneno, au kunamchelewesha? Na mliopitia haya, kitabu kipya mlikiingizaje bila vita?