Nikiazimisha vitabu havirudi, nisipoazimisha naitwa mchoyo. Wenzangu mnafanyaje?

Madam Kibatari

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi ni mkufunzi wa Kiswahili kwenye chuo kimoja cha ualimu huku Nyanda za Juu Kusini, sitakitaja. Huku mvua inanyesha mpaka taulo linasahau kukauka, umeme unakatika ukiona wingu, na burudani za jioni ni mbili tu: kuota moto jikoni au kusoma. Mimi nafanya zote mbili kwa pamoja.

Siku yangu inaanza saa kumi na nusu alfajiri. Hapo nina saa moja na nusu ya kwangu peke yangu, kabla sijaamsha watoto, kabla sijabandika uji. Nasoma chochote: riwaya, mashairi, hata gazeti la wiki iliyopita lililofungiwa vitumbua. Saa moja na nusu niko paredi, saa mbili niko darasani. Mchana ni kukagua maandalio ya somo na maazimio ya kazi ya wanachuo, ambayo wamenakiliana mpaka makosa ya tahajia. Nikiwa zamu, bwalo nalo ni langu, nasimama pale kuhakikisha maharage yanafika mpaka mwisho wa foleni. Usiku kusahihisha. Ile saa moja na nusu ya alfajiri ndiyo inayonifanya nisigombane na watu.

Ofisini tuko wanne chumba kimoja. Wakinikuta na kitabu saa ya chai wananiuliza, "Madam, unasomea shahada gani tena?" Nikisema sisomei kitu, wanaona nawaficha. Wanachuo nao ukiwapa riwaya, swali la kwanza ni "Hiki kinatoka kwenye mtihani?"

Sasa shida yangu. Maktaba ya chuo ina vitabu vya kiada, lakini riwaya ni za kuhesabu kwa vidole. Mwaka 2019 nikaleta vyangu ofisini, nikagongesha rafu kwa fundi, nikanunua kaunta buku na kuipigia mistari: jina, kitabu, tarehe, namba ya simu. Mpaka leo nimeazimisha mara 61. Vitabu 14 havijarudi. Kimoja kilirudi kinanuka dagaa. Kingine kimechanwa kurasa mbili kwa unadhifu kabisa, kama kwa rula. Hao wote nimewasamehe.

Ila kuna *Nagona*, riwaya ya Kezilahabi, niliyoinunua kwa wauza vitabu chakavu pale Posta, Dar, mwaka 2006 nikiwa Chuo Kikuu, Mlimani. Ni kitabu chembamba, unakikunja kinaingia kwenye mkoba wa mkononi. Nilipokisoma mara ya kwanza sikuelewa kitu, nikaandika pembeni kwa penseli: "Uongo!" Miaka mitatu baadaye nikarudi ukurasa uleule, nikaandika chini yake: "Si uongo." Baada ya kujifungua mtoto wa kwanza nikaongeza alama ya kuuliza. Jalada lina duara la kikombe cha chai, la marehemu baba.

Mwezi wa pili kijana mmoja wa mwaka wa pili akakiomba. Ni msomaji kweli, huwa anabaki mlangoni baada ya kipindi. Nikampa. Wakaondoka kwenda BTP, yaani mazoezi ya kufundisha, wakarudi, wakafanya mtihani, wakatawanyika. Namba aliyoandika haipatikani. Kitabu naweza kukitafuta kingine. Ile penseli nitainunua wapi?

Kitu pekee nisichoazimisha ni kamusi iliyo mezani kwangu, Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili), lile toleo la kwanza la 1981. Hiyo ni mboni ya jicho langu. Naanza kufikiri kwamba vyote vingekuwa hivyo. Mume wangu ameshatoa hukumu: "Funga hilo duka, halina faida."

Nifunge? Au kuna namna? Nawasilisha.

Mtu wa Tegeta

Kitabu na mswaki haviazimishwi. Kukopa arusi, kulipa matanga, wahenga walishamaliza. Funga, Madam.

Chumvi Kijiko

Kumbe TGTS, hii ngazi ya mishahara ya walimu, inabakiza hela ya kununua riwaya? Nisaidieni jina la chuo nipeleke maombi.

Natia kambi hapa, ngoja waje wenye uzoefu.

Babu Kabati

Mwanangu Kibatari, pole. Nimefanya kazi maktaba ya mkoa miaka 27 na sasa nimestaafu, nafuga kuku. Nisikilize kidogo.

Hiyo kaunta buku yako inatunza kumbukumbu ya msiba tu, haizuii kitu. Kwanza, hujaniambia siku ya kurudisha. Umeandika "tarehe", na hiyo ni ya kuchukua. Kitabu kisicho na siku ya kurudi kimeshatolewa zawadi, ni wewe tu hujui. Sisi tulikuwa tunabandika karatasi ndani ya jalada la nyuma na kugonga tarehe ya kurudisha, ili mtu kila akifungua aione. Wengi si wezi. Wanasahau, halafu wanaona aibu, na aibu inapoteza kitabu kuliko wizi. Mtu akichelewa mwezi atakukwepa hata sokoni.

Pili, wape wiki mbili, na kimoja kwa wakati. Anayetaka kuendelea akuletee kitabu ukione, umwandikie tena wiki mbili. Kukiona kwa macho ndiyo dawa.

Tatu, usiruhusu kitabu kitoke mwezi mmoja kabla ya BTP wala kabla ya mtihani wa mwisho. Hapo watu wanafunga mabegi usiku.

Nne, weka alama ya siri. Ukurasa wa kwanza unachanwa na mwenye nia mbaya, kwa hiyo chagua ukurasa mmoja wa katikati, namba ileile kwa vitabu vyote, uandike jina lako kwa herufi ndogo. Nimewahi kukamata kitabu chetu kwenye meza ya mchuuzi kwa njia hiyo. Alikuwa amebandua kila kitu isipokuwa ukurasa ule.

Na kwa mvua hizo, rafu yako isiguse ukuta wa nje. Acha nafasi ya vidole vinne hewa ipite, na usivifunge kwenye mifuko ya nailoni, utafuga ukungu. Likitoka jua, vianike kivulini vikiwa vimesimama na kurasa zimeachana.

Swali moja la kizee: hivyo vyako vyote ulivinunua? Hebu pitia rafu, fungua kurasa za mwanzo, tazama mihuri. Nimezunguka nyumba nyingi za wasomaji na sijaona hata moja isiyo na kitabu cha mtu.

Chumvi Kijiko

Hahaha, Babu kamaliza. Nyani haoni kundule.

Mwana wa Likoni

Mwalimu, hujambo. Mimi niko Mombasa, nafunza chuo cha kiufundi, somo la mawasiliano. Wanafunzi wangu ni mafundi wa umeme na mabomba, na wanasoma hadithi kuliko unavyodhani, hasa wa mabomba, sijui kwa nini.

Nilikuwa na shida kama yako. Nilichofanya: mkono mtupu haulambwi. Ukitaka kitabu changu, acha chako mezani. Chochote. Kuna aliyeacha Biblia ya shangazi yake, na mwingine kitabu cha mafunzo ya udereva. Mmoja hakuwa na kitu, akaacha daftari lake la mashairi, na wallahi hilo ndilo nililolisoma usiku kucha. Akija kuchukua chake, anarudisha changu. Tangu nianze, nimepoteza viwili tu, na udereva nimejifunza bure.

Lakini Babu, hapo kwa wiki mbili sikubaliani nawe. Kuna vitabu haviendi kwa wiki mbili. Hicho alichokitaja mwalimu mwenyewe kilimchukua miaka.

Babu Kabati

Likoni, sikusema akielewe kwa wiki mbili. Nimesema akilete kionekane.

Madam Kibatari

Nimerudi wakuu. Babu Kabati, sijui nikushukuru au nikulaumu.

Jumamosi nilikuwa zamu, mvua haikatiki, nikasema ngoja nitazame hiyo mihuri ili nije kukujibu kwa kifua. Kitabu cha tano tu nikakwama. Ni diwani, jalada limeshang'oka, nimekifunga kwa uzi. Ndani kuna jina la mwalimu wangu wa Kiswahili wa kidato cha sita, wino wa bluu, na chini yake: "Kirudi." Nilikichukua mwaka 2004 huko Kilimanjaro. Nimehama nacho nyumba saba.

Nikaingia kwenye grupu la WhatsApp la tuliosoma pamoja, nikaomba namba yake. Nilipopata nikakaa nayo siku mbili. Babu, uliposema aibu inapoteza kitabu kuliko wizi, mimi nilidhani unamsema yule kijana.

Nikapiga. Mzee amestaafu, yuko Rombo, sauti ileile ya kumkatiza mtu kabla hajamaliza sentensi. Nikajitambulisha, shikamoo nyingi, nikazunguka, mwisho nikasema, "Mwalimu, nina diwani yako." Kimya. Nikategemea aseme baki nayo mwanangu, umenifurahisha kunikumbuka. Akasema, "Subiri." Namsikia anaburuta kiti. Akarudi kwenye simu: "Ndiyo, naiona hapa. Na ile kamusi?"

Nikamwambia kamusi gani, Mwalimu? Akanisomea kwenye daftari lake, tarehe na kila kitu: kamusi moja, TUKI, 1981, gamba limebanduka pembeni.

Wakuu, ninaandika hapa na hiyo kamusi iko mbele yangu. Ninaifundishia kila siku. Nimewaambia wanachuo kwa miaka kumi na kitu kwamba hii niliinunua kwa posho yangu ya kwanza, na naapa nilikuwa naamini hivyo. Gamba limebanduka pembeni.

Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kunidai. Akasema, "Niliandika. Wewe ndiye hukusoma." Halafu akaniuliza nafundisha nini siku hizi, tukaongea ngeli na viambishi dakika arobaini, vocha ikaisha.

Mume wangu amecheka mpaka amekaa chini.

Sasa kuhusu yule kijana. Nilimpata kupitia mwenzake, amebadilisha laini. Kitabu anacho. Akaanza kulia lia: hakukirudisha kwa sababu na yeye ameandika humo, chini ya maneno yangu, na aliogopa. Nikamuuliza ameandika kwa penseli? Kwa kalamu ya wino. Wino, jamani! Nilikasirika kweli, nikamwambia kwa ukali akilete wiki hii. Baada ya kukata simu nikaanza kujiuliza amejibu nini pale kwenye alama yangu ya kuuliza. Sikumuuliza, nisije nikaonekana nimepoa mapema.

Rafu sifungi. Nimechukua karatasi ya Babu ya kubandika nyuma, na mkono mtupu wa Likoni, ila tu kwa watakaoshindwa kuandika namba ya simu ya mzazi. Lile la nne la Babu nimelikubali lote, ukurasa wangu wa siri siutaji, humu kuna wanachuo wangu.

Kilichobaki: nataka kutuma kifurushi Rombo, diwani na kamusi, kwa basi kutoka Mbeya. Nimeshanunua kamusi mpya ya kufundishia, toleo la karibuni, haijui mkono wangu hata kidogo, kila nikiifungua inajifunga. Mizigo ya vitabu wanachaji kwa kilo au kwa kukadiria? Na inabidi ashuke Moshi mwenyewe kuchukua, au yapo mabasi yanayopandisha hadi huko?

Mtu wa Tegeta

Wanakadiria kwa macho. Usiwaambie ni vitabu, watadhani ni vizito, sema nyaraka. Moshi kuna gari ndogo za kupanda Rombo, ongea na wakala, atampa dereva na utaongeza kidogo. Andika jina na namba ya mpokeaji kwa maka peni, pande zote mbili, na uzungushie nailoni kwa ajili ya mvua.

Babu Kabati

Nailoni ya safarini tu. Mwambie mzee aitoe mara kikifika.