Betri mpya lakini gari inalia ka ka ka haiwaki, ikiwaka haina nguvu

Swali
Wakuu habari, naombeni msaada. Betri ya zamani ilikuwa haishiki chaji nikaweka mpya kabisa, sasa nikipiga stata inalia ka ka ka ka na taa za dashibodi zinafifia, saa nyingine kimya kabisa. Nikibustiwa kwa umeme wa betri ya gari lingine inawaka fasta. Halafu ikishawaka sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) iko chini inatetemeka kama inataka kuzima, nikikanyaga mafuta inasita kwanza ndo inaondoka. Fundi mmoja kasema stata imekufa, mwingine kasema oltaneta, ile inayochaji betri gari ikiwaka. Betri nimeipima kwa mita inasoma 12.6. Nianzie wapi jamani?

waya_mweusi
Stata usinunue kwanza mkuu. Ka ka ka za haraka na taa kufifia maana yake umeme haufiki wa kutosha, stata yenyewe ikifa mara nyingi utasikia "ka" moja tu na taa zinabaki vilevile. Hiyo 12.6 umeipata gari imelala, haisemi kitu kuhusu waya. Mtu apige stata we umeshika mita kwenye nguzo za betri, ikishuka chini ya 9.6 hivi betri ina shida au haina chaji, ikibaki juu na stata haizunguki basi umeme unakwama njiani. Hapo sasa waya mmoja wa mita uguse nguzo ya negativu yenyewe, ile risasi, SIO kibanio (kile cha mwisho wa waya kinachobana nguzo), mwingine uguse chuma cha injini, apige tena stata. Ikizidi nusu volti arthi, yaani njia ya negativu kati ya betri na injini, ni mbovu. Wengi wanagusa kibanio wanaona kila kitu safi, kumbe tatizo liko hapohapo kati ya kibanio na nguzo.

gereji_bubu
Sailensa ni kesi yake peke yake. Betri ikitolewa kontrol boksi (kompyuta ya injini) inasahau ilichojifunza, na kama throto (mlango wa hewa ya injini) ina kaboni, boksi ilishazoea kufidia, sasa imeanza upya. Safisha throto, washa iache ipate moto bila kukanyaga mafuta na AC imezimwa, halafu endesha kawaida. Gari nyingine zina utaratibu wake, soma kitabu cha gari. Na asije mtu akakwambia uchomoe betri injini ikiwa inaunguruma eti ndo kupima oltaneta, utaunguza vitu. Pima tu kwa mita ikiwa imewaka, kwenye gari nyingi inakuwa kati ya 13.8 na 14.5.

Mleta swali
Nimepima kutoka nguzo ya negativu mpaka injini imesoma 1.9!! Nimekishika kibanio kinazunguka kwa mkono, na nati imekaza mpaka mwisho haiendi tena.

waya_mweusi
Basi umeona. Betri mpya ina nguzo nyembamba, kibanio chako ni cha nguzo nene. Ndo maana ukibustiwa inawaka, ule waya wa kubusti ukibanwa kwenye kibanio au kwenye injini umeme haupiti tena pale palipolegea. Tafuta bushi ya risasi ya kuvalisha nguzo au badilisha kibanio, usichomeke kipande cha bati wala msumari, baada ya muda kitalegea tena. Piga msasa ndani ya kibanio kabla hujafunga.

gereji_bubu
Na uiweke kwenye chaja kwanza, kwa mlegezo huo hata oltaneta ilikuwa haiijazi vizuri. Throto usiiguse mpaka umalize hiyo.