Tableti za kalamu na skrini zake: tupeane uzoefu, zinastahili bei yake?

Wakuu, naomba tupeane uzoefu wa tableti za kalamu, hasa zile unazoandika juu ya skrini yenyewe. Mimi nafundisha hisabati mtandaoni. Kuandika sehemu au kipeo kwa mausi ni mateso, nikaanza na ile isiyo na skrini: mkono uko mezani, macho yako kwenye kompyuta. Mwanzoni mstari wa sehemu ulikuwa unakata tarakimu katikati badala ya kukaa chini yake. Baadaye mkono ulizoea.

Naamini bei ndiyo iliyowafanya watu waone hivi ni vifaa vya wachoraji tu. Cintiq ya kwanza, tableti yenye skrini ya kampuni ya Wacom, ilitoka 2001, na kwa miaka mingi hawakuwa na mshindani wa maana. Kalamu yao haihitaji betri kwa sababu hupata nguvu kutoka kwenye uga wa sumaku wa tableti, na ufundi huo ulilindwa na hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi). Leo kampuni za Huion na XP-Pen nazo zina kalamu zisizo na betri, na bei imeshuka sana. Wenzangu mmeonaje?

Mchora katuni: Mkuu, usinunue kwa kufuata namba. Wanatangaza viwango 8192 vya mgandamizo, yaani jinsi kalamu inavyohisi umekandamiza kwa nguvu kiasi gani. Mkono wangu hauvitofautishi na 2048. Angalia pengo kati ya kioo na skrini. Yangu ya kwanza ilikuwa na kioo kinene, ncha iko hapa, mstari unatokea pembeni kidogo. Kuchora jicho ilikuwa kazi kweli.

Mfanyabiashara: Mimi sichori kabisa. Nilipata kalamu kwa sababu ilikuja ndani ya simu, Galaxy Note. Nasaini mikataba, nanakili namba za watu. Ingekuwa inauzwa pembeni nisingeinunua.

Mwanafunzi wa udaktari: Hapo kwenye kuuzwa pembeni umegusa penyewe. Kalamu ya Apple ilianza 2015 kwa dola 99, tena kwa iPad Pro tu. Mwaka 2018 iPad ya kawaida ya dola 329 ikaanza kuikubali, ndipo na sisi wanafunzi tukaingia: picha ya mfupa iko kwenye skrini, unaandika majina juu yake mhadhara ukiendelea. Ila hesabuni na ncha. Ukibandika juu ya skrini ile plastiki yenye mkwaruzo kama karatasi, ncha inalika haraka, na gharama hiyo wauzaji hawakutajii.