Je, kampasi ya chuo kikuu inaweza kukaa katikati ya mji wa zamani wa Tanga?

Mwalimu wa Chumbageni

Ndugu zangu, habari za leo. Nafundisha jiografia kidato cha tano na cha sita hapa Tanga, na kila mwaka naagana na vijana wanaopanda basi kwenda Dar es Salaam, Dodoma au Morogoro kutafuta shahada. Wachache mno hurudi. Nikitoka stendi napita mjini, baina ya stesheni ya reli, soko na Bustani ya Jamhuri, na swali huwa ni lile lile.

Mitaa hii ilipimwa na Wajerumani, reli ya kwenda bara ikaanzia hapa mwaka 1893, kisha mkonge ukaijaza fedha. Mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge, na sehemu kubwa ilipita kwenye bandari yetu. Bei ilipoanguka, ghorofa za juu zilianza kufungwa moja baada ya nyingine. Juzi nilisimama mbele ya nyumba moja karibu na soko: chini ya varanda kuna mafundi cherehani wawili na muuza vipuri vya baiskeli, lakini juu yao madirisha ya mbao yamepigiliwa misumari, na mche wa mkuyu umeota kwenye mfereji wa paa na kuteremsha mizizi ukutani kama mtu anayetafuta pa kukanyaga.

Kampasi ya Chuo Kikuu Mzumbe imepangiwa wilaya ya Mkinga, nami naiombea heri. Swali langu ni kuhusu mji wenyewe. Nimesoma kwamba Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, ambacho makao yake yako Tempe, Marekani, kilifungua kampasi katikati ya jiji jirani la Phoenix mwaka 2006, na mtaa uliokuwa ukilala saa kumi na mbili jioni sasa una wanafunzi maelfu. Je, jambo la namna hiyo linawezekana Tanga, na tukilijaribu, ni kitu gani cha kwanza tutakachokosea?

Msanifu wa Raskazone

Mwalimu, shikamoo. Nimefanya kazi ya usanifu majengo kwa miaka mingi, na naomba nianze na kosa utakaloliona kwanza: watu hudhani kampasi ya mjini ni jengo refu la vioo lenye jina la chuo juu. Phoenix haikuanza hivyo. Mwezi Machi 2006 wapiga kura wa jiji waliidhinisha mkopo ambao dola milioni 223 kati yake zilikuwa za kampasi hiyo, na mwezi Agosti mwaka huo huo masomo yakaanza ndani ya majengo yaliyokuwapo, yakiwa yamekarabatiwa. Majengo mapya yalifuata. La uandishi wa habari lilifunguliwa mwaka 2008, likichangia nafasi na kituo cha televisheni cha umma. Mwishoni mwa mwaka huo treni nyepesi ikaanza kuunganisha Phoenix na Tempe, na mwanafunzi akaweza kuwa na kipindi kila upande bila kumiliki gari. Hata jengo la posta la miaka ya 1930 limeingizwa katika maisha ya wanafunzi.

Wala hatuhitaji kwenda Marekani kutafuta mfano wa kuanzia mjini. Chuo kikuu chetu cha kwanza kilianza mwaka 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, na kilihamia Mlimani mwaka 1964. Kilipata eneo kubwa na zuri, hilo silipingi, ila Kariakoo ilipoteza jirani ambaye hakurudi tena.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni ghorofa ya chini. Kitivo cha sheria cha Arizona kilipohamia Phoenix mwaka 2016 kilijengewa jengo la ghorofa sita lililovalishwa mawe ya mchanga ya jimbo hilo hilo, na wasanifu wakalipasua katikati kwa njia ya miguu, hata mpita njia anaweza kukatisha kutoka mtaa mmoja hadi mwingine bila kuulizwa anakwenda kwa nani. Hapa kwetu tumezoea kinyume chake. Chuo kikipewa kiwanja, kitu cha kwanza kujengwa ni ukuta, cha pili geti, cha tatu kibanda cha mlinzi. Ukiuweka ukuta huo mjini Tanga, utakuwa umeua mtaa wa maduka kwa urefu wa mita mia mbili, na muuza vipuri wako atahama kabla ya mwaka kwisha. Varanda zile za maduka tayari ni njia yenye kivuli. Madarasa yakae juu na maduka yabaki chini, na kila baada ya hatua ishirini pawe na mlango unaofunguka.

Tahadhari moja juu ya kuiga sura. Phoenix iko jangwani, joto lake la kiangazi huvuka nyuzi 40 na ni kavu, kwa hiyo jengo hujifunga na kutegemea kiyoyozi. Joto letu lina unyevu, na mwili haupoi mpaka upepo upite juu ya ngozi. Darasa la Tanga liwe jembamba, chumba kimoja kwa upana, lenye madirisha pande mbili ili kaskazi na kusi zote zipate pa kuingilia na pa kutokea, na upande wa jua la alasiri ukingwe na varanda. Ukijenga sanduku la vioo hapa, bili ya umeme itakula fedha za maktaba. Kwenye kivuli, hata hivyo, tunakubaliana nao: bustani waliyoifungua mwaka 2009 jirani na kampasi ina wavu mkubwa uliotundikwa juu, kazi ya Janet Echelman, ambaye alipata fikra hiyo kwa kutazama nyavu za wavuvi wa India. Wavuvi wetu wa Deep Sea hapa Tanga wasingehitaji kuelezwa ni kitu gani.

Bi Mpangishaji, Ngamiani

Nawasalimu nyote. Mwanangu msanifu amesema vizuri kuhusu madarasa, lakini mwanafunzi hulala wapi? Nina nyumba ya Kiswahili Ngamiani, vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi, na uani kuna jiko, choo na kisima. Wapangaji wangu ni mchuuzi wa samaki, kondakta, na familia mbili zilizokaa kwangu tangu watoto wao hawajaanza shule. Ikitangazwa leo kwamba chuo kinakuja mjini, kesho dalali atakuwa barazani kwangu akinieleza kwamba chumba kimoja kinaweza kuingia wanafunzi wanne na kila mmoja akalipa kodi ya miezi sita mkononi. Sitaki kusema uongo: fedha hiyo ni nyingi na paa langu linahitaji mabati. Lakini mchuuzi wangu wa samaki atakwenda wapi? Akihamia pembezoni atalipa bodaboda alfajiri na jioni, na faida yote itaishia njiani.

Ndiyo maana naomba mabweni yajengwe kabla ya mwanafunzi wa kwanza kuripoti, si baada ya miaka kumi. Tena yasijengwe kwa kuvunja nyumba za Ngamiani. Nasikia kila mara kwamba nyumba hizi ni za kizamani, na anayesema hivyo hajakaa barazani jioni akaona jinsi mtaa mzima unavyolindwa na watu walioketi tu.

Msanifu wa Raskazone

Bi, shikamoo, na nakubaliana nawe bila kupunguza neno. Phoenix yenyewe ilijenga minara miwili ya mabweni yenye nafasi za wanafunzi wapatao 1,200 katika miaka ya mwanzo kabisa. Viwanja vya maghala yaliyoachwa karibu na reli vingetosha kuanzia. Reli ndiyo inayotenganisha Ngamiani na mji wa ofisi tangu enzi za Wajerumani, na mabweni yakikaa pale, wanafunzi wataivuka kila siku kwa miguu na baiskeli.

Fundi Mwashi

Mimi si msomi wa mipango miji, ila kuta za nyumba hizo za ghorofa za mji wa zamani nimezishika kwa mikono, na kabla hamjaziingiza wanafunzi naomba mnisikilize. Nyingi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta wa aina hiyo hunywa unyevu wakati wa masika na kuutoa wakati wa kiangazi. Ukiupiga plasta ya saruji, unyevu unakosa njia, chumvi ya bahari inakusanyika nyuma ya plasta na kuisukuma. Gongeni kwa kifundo cha kidole: penye chokaa nzima mtasikia mlio mzito, penye saruji iliyoachia mtasikia kama debe tupu.

Niliwahi kufanya kazi kwenye ukarabati wa jengo moja la zamani hapa mjini. Nilimwambia msimamizi kwamba tuloweke chokaa na kuisubiri, akanijibu kwamba hakuna muda na kwamba saruji ya Pongwe iko mlangoni. Masika ya pili vipande vikubwa kama sinia vilidondoka kwenye korido ambako watu walikuwa wakipita. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu, lakini kama lingekuwa darasa lenye vijana hamsini nisingelala. Boriti nazo zikaguliwe vichwa vyake pale zinapoingia ukutani, kwa sababu hapo ndipo huoza kwanza huku katikati zikionekana nzima kabisa. Ghorofa iliyobeba makabati mawili ya nguo haikukusudiwa kubeba rafu za vitabu. Chumba cha vitabu kiwekwe chini, na juu wakae watu.

Na kama chuo kitakuja, kifundishe kazi hii. Vijana wanaojua kuchoma na kuloweka chokaa tunaweza kuwahesabu.

Mhitimu wa Vuga

Nilisoma Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wakati masomo yetu yakiwa Vuga, pembeni ya Mji Mkongwe, kabla hatujaanza kupelekwa Tunguu nje ya mji. Tunguu kuna nafasi, maabara na upepo mzuri. Vuga tulikuwa tunatoka darasani na kukutana na mji: mchana Darajani, jioni Forodhani, na mhadhara wa historia mwalimu aliuendeleza tukiwa tumesimama mbele ya milango yenyewe ya kuchonga. Ushauri wangu ni kwamba maabara na viwanja vya michezo vikae Mkinga au kokote penye ardhi, na mjini zije fani zinazohitaji watu, kama sheria, ualimu, biashara, historia na huo usanifu unaozungumzwa hapa.

Mwalimu wa Chumbageni

Nawashukuru nyote. Bi, umenifanya nifute aya nzima niliyokuwa nimeiandika kuhusu hosteli. Fundi, kama utaridhia, Jumamosi asubuhi nitakuja na wanafunzi kumi na wawili wenye madaftari. Tutaanzia stesheni na kuishia Bustani ya Jamhuri, tukihesabu nyumba zenye ghorofa zilizofungwa, milango iliyo wazi chini yake, na wewe utatufundisha kugonga kuta. Mwenye nyumba atakayekubali tuingie ndani na atuandikie hapa, nitampigia simu kabla ya Ijumaa.